Usiku Ulipohamishiwa Asubuhi

Mtaa wa Zumari ulikuwa na kumbi za starehe kumi na tisa. Sasa zimebaki tatu, na moja kati ya hizo ni kituo cha polisi ambacho hakijabomolewa jukwaa. Wateja hawaji. Wakija hawakai. Wakikaa hawacheki, na aliyewahi kuendesha ukumbi anajua kwamba mtu asiyecheka hanywi.

Ukumbi wangu uliitwa Jioni Njema. Mimi niliishia darasa la tano, kwa hiyo mambo ya serikali naomba nisiulizwe sababu zake. Nitasema tu yalivyofuatana.

Kwanza vilikuja vizuizi. Serikali yetu inatupenda, na kwa kutupenda iliweka vizuizi vya polisi kila usiku ili tusidhuriwe na majambazi. Kutoka stendi ya mabasi hadi mlangoni kwangu vilikuwa vinne. Kwenye cha kwanza mteja aliulizwa anatoka wapi. Kwenye cha pili, anakwenda wapi. Kwenye cha tatu aliulizwa kwa nini anayoyasema hapa si sawa na aliyoyasema kule. Kwenye cha nne hakuulizwa kitu, alitazamwa tu, na wengi waliniambia kwamba hicho ndicho kilichowarudisha nyumbani.

Wenye kumbi tulivaa vizuri tukaenda kulalamika. Serikali ikasikia. Iliunda Tume ya Kuchunguza Kupotea kwa Wateja, ikaisafirisha nchi sita kutazama jinsi watu wa huko wanavyokaa kwenye viti. Tume iliporudi, baada ya kupumzika, ilitangaza kwamba wateja hawaji kwa sababu wanaogopa kutembea usiku. Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma, maana hilo ndilo tulilolisema sisi. Tukakaa kusubiri vizuizi viondolewe.

Waziri Ngwira akapanda jukwaani. Ni mtu mnene, mwenye sauti nyembamba, na anapozungumza hufumba macho kama anayeonja mchuzi.

"Vizuizi ni mali ya serikali," alisema, "na mali ya serikali haihamishwi ovyo. Lakini usiku hauna mwenyewe. Kwa hiyo tutahamisha usiku."

Tukapiga makofi tena. Kuna wakati makofi hutoka yenyewe, kama kupiga chafya.

Ndivyo ilivyopatikana Amri ya Usiku, na Wizara ya Usiku ya kuisimamia. Kwa mujibu wa amri hiyo, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, Mtaa wa Zumari uko usiku. Lile giza tulilolizoea lilipewa jina la Mapumziko ya Taifa, na anayekutwa nje wakati wa mapumziko anakamatwa kwa kulichosha taifa. Kifungu cha kwanza, ambacho kila mwenye ukumbi alikikariri mbele ya askari, kinasema kwamba yeyote atakayedai ni mchana wakati sheria inasema ni usiku anaeneza uvumi.

Basi tukaanza kuishi usiku kwenye jua. Kila apitaye mtaani alitakiwa kubeba kurunzi iliyowashwa. Askari walisimama barabarani, jua likiwachoma visogo, wakipaza sauti "Nani huyo?" kwa mtu ambaye wanaona hata vifungo vya shati lake, na ilibidi mtu huyo aseme jina lake, asogee taratibu, ajimulike usoni. Muuza mikate wa jirani alilala ndani siku mbili kwa kumwambia askari sabalkheri. Aliporudi alikuwa anasema masalkheri hata kwa mkewe, chumbani, kabla ya chai.

Mimi niliamriwa kufuta neno Jioni kwenye bango langu, kwa sababu jioni haijulikani tena iko wapi. Nikafuta. Likabaki Njema peke yake, na wapita njia wakawa wanauliza ni nini kilicho chema.

Sasa kuhusu wateja. Watu wa wizara walidhani sisi tunauza bia na muziki. Bia iko kila duka, na muziki uko kwenye kila simu. Sisi tulikuwa tunauza giza. Kulikuwa na mwalimu mkuu mmoja, mstaarabu sana, ambaye kwa miaka mingi aliingia kwangu kila Ijumaa kwa mlango wa uani, akakaa nyuma ya nguzo, akanywa mbili zake, akaondoka. Usiku ulipohamishwa alijaribu mara moja. Alifika saa tatu asubuhi na kurunzi yake mkononi, akakutana na darasa zima la shule yake likipelekwa kupimwa macho. Watoto wakaimba shikamoo mwalimu. Akaitikia marahaba, akapita mlangoni kwangu bila kugeuza shingo, akanyoosha mpaka mwisho wa mtaa ambako hakuna kitu, akasimama huko. Hajarudi tena.

Wengine walikuwa kazini saa hizo. Wengine walikuwa na wake wanaoenda sokoni saa hizo. Mashemasi, masheha, makarani, wote walituaga kwa macho. Kumbi zikaanza kufungwa, moja baada ya nyingine, na kwa kila ukumbi uliofungwa Waziri Ngwira alisema redioni kwamba umekwenda kupumzika.

Wangu haukufungwa kwa sababu ya mtu mmoja tu, Mwantumu binti Shekue. Mwantumu alikuwa mwimbaji wangu wa taarabu. Ni mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye jino moja la dhahabu, anayelea mama yake aliyepooza, na sauti yake ikiingia chumbani hata nzi hutafuta pa kutua. Akina mama walimfuata popote, jua au mvua, kwa ajili ya kutunza. Desturi yenyewe ni hii. Ubeti ukikugusa, unanyanyuka na noti yako mkononi, unakwenda kwa mwendo wa madaha kumtunza mwimbaji. Na kama una neno na mtu, njiani unasimama mbele ya kiti chake, noti juu, ubeti ukiwa bado unaimbwa. Hapo ukumbi mzima umeelewa: ubeti ule ni wake. Hakuna tusi linalotamkwa, wala hakuna asiyelisikia. Nimeona ndoa zikivunjika kwa hatua tatu za namna hiyo, na nyingine zikipona.

Kwa kuwa Njema ndio ukumbi pekee uliokuwa na watu, wizara iliuchagua uwe mfano. Mtu wa itifaki alikuja kunieleza kwamba Mlezi wa Taifa, mwenyewe, angekuja kusherehekea mafanikio ya usiku mpya. Nikakaa kwenye kreti. Nikamshukuru nikiwa nimekaa.

Mtu wa itifaki alikuwa na mpangilio wa kila kitu. Madirisha yafunguliwe kwa usalama. Mishumaa iwashwe kwa sababu ni usiku. Mtu yeyote asipite mbele ya Mlezi bila kusimama na kuinamisha kichwa mara tatu. Saa tatu na nusu, Kamishna Bulondo, mkuu wa polisi wa mtaa, amepangiwa kufurahi.

Nikamuuliza atafurahi vipi. Akasema atanyanyuka amtunze mwimbaji, maana wameambiwa ndio mila ya hapa.

Mwantumu alikuwa anajipaka wanja nyuma ya pazia, akasikia. Akaniita pembeni.

"Kaka Mshangama, hao si watu wa taarabu. Waambie wakae kwenye viti vyao."

"Nitawaambiaje?"

"Sema tu. Mwenye ukumbi ni wewe."

Nilijaribu. Mtu wa itifaki alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema furaha ya Kamishna imeshapitishwa ngazi zote na haiwezi kurudi nyuma. Nikaomba basi tuchague nyimbo sisi. Akasema nazo zimeshapitishwa, na akanipa wimbo wa kwanza. Ulikuwa wimbo wa zamani juu ya mtu aliyedhulumu urithi wa watoto wa ndugu yake. Wizara iliupenda kwa sababu unataja yatima. Waliuweka kwenye fungu la huduma za jamii.

Mwantumu alipoambiwa alicheka kidogo, akaniuliza kama mlango wa uani umefungwa. Nikamwambia wameweka askari wawili. Akavaa bangili zake.

Mlezi alifika saa tatu. Ni mzee mdogo wa umbo kuliko picha zake, ana mikono laini, na alipoketi watu wote waliokuwa wakikohoa waliacha. Mishumaa ilikuwa inawaka kwenye jua, huoni ndimi zake, unaona nta tu ikishuka. Mbele ya kiti chake palikuwa na njia nyembamba ya kwenda jukwaani. Hakukuwa na njia nyingine, kwa sababu itifaki walikuwa wamejaza viti vya walinzi kila upande.

Fidla ikaanza. Mwantumu akaimba, na akaimba vizuri, kwa sababu hajui namna nyingine. Akafika kwenye ubeti wa tatu:

*Umekula cha yatima, ukajifuta mdomo,*
*Wala huna la huruma, tumbo lisilo ukomo.*

Ikawa saa tatu na nusu. Kamishna Bulondo akanyanyuka.

Kamishna ni mtu wa milimani. Kwao ngoma ikikolea unatoa ulicho nacho unampa mpigaji, basi, hakuna fumbo. Alitoka kitini na noti mpya kabisa, ameinyanyua juu, uso umejaa furaha aliyopangiwa. Akafika mbele ya Mlezi. Itifaki inasema asimame. Akasimama. Itifaki inasema mara tatu. Akainama mara ya kwanza, noti juu, na Mwantumu anarudia *tumbo lisilo ukomo*, maana kibwagizo hurudiwa. Akainama mara ya pili. Nilimwona Mwantumu akitaka kukata wimbo na akashindwa. Fidla ilikuwa imeshamshika. Akainama mara ya tatu.

Nyuma kabisa mama mmoja, kwa mazoea ya maisha yake yote, alipiga kigelegele. Kikafika katikati, kikafa.

Mlezi alizaliwa pwani. Hilo Kamishna alikuwa hajalifikiria. Mzee yule aliitazama ile noti, akamtazama Kamishna, akatutazama sisi mmoja mmoja, polepole, kuona ni nani ameelewa. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kuufanya uso wangu usielewe. Kisha akatabasamu, akainuka, akaondoka, na gari zake zikaondoka bila kupiga honi.

Tulichukuliwa sote kabla mishumaa haijaisha.

Walituweka kwenye jengo la Wizara ya Usiku, kila mtu chumba chake. Katika chumba cha jirani alikuwamo Mwantumu. Nilimjua kwa kikohozi. Niliwaza juu ya mama yake, nani atamgeuza ubavu.

Aliyenihoji aliitwa Afisa Nyamizi, binti wa umri wa mwanangu, mwenye sauti ya muuguzi. Aliniletea chai. Chai yenyewe iliniogopesha kuliko kofi.

"Mzee wangu, swali ni moja tu. Kamishna alisimama mbele ya nani?"

Nilizunguka swali lile kama kuku anayezunguka banda lililofungwa. Nikisema alisimama mbele ya Mlezi, nimesema kwamba ubeti ule ulikuwa wa Mlezi, na aliyeuimba ni Mwantumu, kwenye ukumbi wangu. Nikisema hakusimama, nimesema Kamishna alivunja itifaki. Nikisema sijui, watu wasiojua huwa wanasaidiwa kujua, na huo msaada niliusikia kutoka chumba cha mbele.

"Mwanangu," nilisema, na sijui maneno yalitoka wapi, "ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi."

"Ndiyo."

"Saa hiyo ni usiku."

Akaacha kuandika.

"Usiku ni giza," nikasema. "Mimi sikuona kitu. Wala hakuna aliyeona. Labda kama kuna mtu anasema ilikuwa mchana."

Kisha akatabasamu, tabasamu la kweli, la mtu aliyetuliwa mzigo, na nikajua kwamba naye alikuwa anaogopa, tena labda kunishinda. Akatoka mbio na viatu vyake virefu. Nilisikia simu, nikasikia milango, nikasikia mtu akicheka kwa sauti nyembamba, nikaitambua kuwa ya Waziri Ngwira.

Saa saba mchana, usiku ulipokwisha, tuliachiwa sote. Mwantumu alitoka amevimba shavu, bangili hazipo. Alinishika mkono barabarani mbele za watu.

"Umetutoa, kaka."

Kwa wiki moja niliishi kama bwana harusi. Jirani walileta kuku. Wapiga fidla walinibusu mikono. Waziri alinitaja redioni kama raia aliyeielewa sheria kuliko mawakili. Amri ya Usiku iliongezewa kifungu: kwa kuwa usiku ni giza, hakuna jambo lolote lililotokea Mtaa wa Zumari wakati wa usiku linaloweza kusemwa kuwa limeonekana. Kamishna Bulondo, ambaye sasa hakuonekana akifanya lolote, alipandishwa cheo.

Kifungu kile nilikisikia nikiwa nafuta meza, na kwa kweli nilifurahi. Nilidhani ni ukuta wa kutukinga. Sikujiuliza utamkinga nani mwingine.

Wiki ya pili, saa nne asubuhi, Mwantumu alikuwa anakuja kazini. Jua lilikuwa kali. Barabara ilikuwa imejaa watu na kurunzi zao, akina mama wamepanga foleni kwenye duka la mikate, mafundi wako juu ya ngazi. Mimi nilikuwa mlangoni na trei ya glasi. Gari la polisi lilisimama katikati ya barabara. Aliteremka Kamishna Bulondo mwenyewe, na mabega yake mapya.

Hakumshika kwa siri. Alimsimamisha mbele yetu sote akamweleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto hesabu.

"Kuona, hatukuona. Sheria imesema. Lakini giza halizibi masikio, bibi. Ubeti tuliusikia, na sauti ilikuwa moja."

Mwantumu alinitafuta kwa macho akanipata. Hakupiga kelele. Aliniita kwa jina langu, mara moja, kama anavyoniita nilete maji jukwaani. Walimwingiza garini kwa nywele. Kiatu chake kimoja kilibaki barabarani, na askari akarudi kukichukua, kwa sababu wao ni watu wa utaratibu.

Nikawatazama watu. Akina mama wa foleni walikuwa wameinamisha kurunzi zao chini, wanamulika vidole vyao vya miguu. Fundi mmoja juu ya ngazi alikuwa anapapasa ukuta kwa mkono, polepole, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Muuza mikate alinipita karibu, akasema masalkheri.

Trei ilikuwa bado mikononi mwangu. Hata glasi moja haikuanguka.

Nilikwenda kituoni kuuliza. Nilijikokota, lakini nilikwenda. Sajini wa kaunta alikuwa kijana mpole anayekula mahindi.

"Nani anasema alichukuliwa?"

"Mimi."

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Saa ngapi, mzee?"

Nikamwambia saa nne asubuhi. Akaweka gunzi chini, akafuta vidole, akanitazama kwa huruma halisi.

"Mzee, saa nne ni usiku. Hebu fikiri vizuri. Nikiandika kwamba uliona, naandika kwamba ulisema ni mchana. Niandike?"

Nyuma yake palikuwa na mlango, na nyuma ya mlango kulikuwa kimya. Nilisikiliza kama kuna kikohozi. Nilisimama pale mpaka akauliza tena, bila hasira, kalamu ikiwa mkononi.

Nikasema asiandike.

Gharama yake ni hii. Kumbi kumi na sita zimefungwa, na wangu ni mmojawapo. Sasa ni ghala la kurunzi la wizara. Wapiga muziki wanane wametawanyika, wawili wamevuka mpaka. Mama yake Mwantumu alikaa kwangu siku arobaini na moja, akiuliza kila asubuhi kama kumekucha, na hatukuweza kumjibu. Tulimzika Jumatano. Mwimbaji mmoja hajarudi. Watu waliokuwa barabarani alipochukuliwa walikuwa mia mbili na zaidi. Walioona, hakuna, na mimi nimo katika hesabu hiyo.